Niliingia Moyoni Mwako Bila Hodi

Shoga yangu Mwanaidi,

Hali sikuulizi. Hali yako anaijua aliyekuchukua, na ya kwangu hata nikikuficha utaijua, maana ndivyo ulivyokuwa tangu ungali hai. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti changu kilekile hapa steshenari, mashine ya kopi inanguruma mgongoni, na nje wapagazi na mikokoteni yao, pisha, pisha, mguu huo mama! Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu aliingia mteja nikaichana. Mara moja hakuingia mtu, nikaichana tu mwenyewe.

Arobaini yako imepita. Pilau aliisimamia dada yako Mwajuma, ikashika chini kidogo, ungecheka. Fremu yako ya duka kapangishwa mtu wa makava ya simu. Anafungulia muziki tangu saa mbili asubuhi. Ule ukuta wa mbao tuliokuwa tunaugonga tukiitana chai, juzi nimejisahau nikaugonga. Jamaa kaja mbio akidhani muziki umenikera. Nikamwambia ndiyo, umenikera, apunguze. Ningemwambia nini?

Sasa nikwambie kinachonisumbua. Fundi Shabani anataka jibu. Ile posa yake uliondoka hujaijibu, na anayemuuliza ni mimi. Kaja mara tatu kuuliza. "Rukia, nambie tu, alinitaka au hakunitaka?" Anasimama hapo mlangoni, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, hakai hata nikimpa stuli. Na mimi sijui, Mwanaidi. Mimi niliyeuandika moyo wako sehemu kumi na nne, kundi zima la wanawake likausoma na kulia, sijui.

Ngoja nianze mwanzo, maana nina papara, unanijua.

Ilianza na zipu. Kariakoo hii ya dazani na katoni, ambako ukiuliza bei ya kimoja unaangaliwa kama umepotea njia, mwanaume mzima anaiacha cherehani yake kule Gerezani, anavuka barabara ya mabasi ya mwendokasi kwenye jua la saa saba, anakuja kwako kununua zipu moja. Moja! Kesho tena, moja. Fundi wa suruali, anashona kutwa, anataka zipu moja. Wewe unamfungia kwenye kikaratasi, "Karibu tena fundi," unarudi kwenye vifungo vyako na lastiki zako. Alikuwa amefiwa na mkewe siku nyingi. Wewe ulikuwa umeachika siku nyingi. Mimi nilikuwa hapa upande wa pili wa ukuta, nimeachika pia, natazama.

Nikaanza kuandika. Unajua nikimaliza kutaipu barua za watu huwa naandika hadithi zangu za kuendelea, nawatumia wale kinamama wa kundi letu kwenye simu. Humo nikamtia mwanamke anaitwa Semeni, anauza vifungo na nyuzi, na fundi mmoja anayekuja kununua zipu moja. Sikujisumbua hata kuficha. Nikabadilisha jina tu na rangi ya buibui.

Na kwenye hadithi, mwenzangu, ndiko kwenye raha. Maishani mtu akinyamaza amenyamaza. Utamtazama mpaka macho yaume. Kwenye hadithi naandika "moyoni Semeni alijisemea", basi, nimeshaingia, nimeshakaa kitandani kwake, nafungua kabati. Kwetu sisi mtu anapiga hodi mara tatu, asipojibiwa anageuza, hata kama anasikia vijiko vinagonga ndani. Mimi kwako sikupiga hata moja.

Wewe ndiye uliyekuwa msomaji wa kwanza. Ulisoma huku unatafuna muhogo, chachandu imekujaa vidoleni, unasukuma simu kwa kidole cha mwisho ili usiichafue. Ukimaliza ukuta unapigwa. "Rukia weee! Nani kakwambia kichwani mwangu kuna haya?" Nacheka. Nasema hadithi tu hiyo bibi, kwani kaandikwa Mwanaidi? Siku moja ukaja kabisa, ukasimama hapo ulipo mlango, umeshika kiuno. "Huyu Semeni wako anaangalia sana vidole vya mwanaume. Sehemu ya tatu vidole. Ya tano vidole. Ya sita vidole vina alama za sindano. Mimi nampa mtu zipu, Rukia. Naangalia zipu."

Nikacheka tena. Ulikuwa umenishika hapo hapo, na mimi nikakukaribisha kashata.

Halafu ukaongeza, unaondoka, kwa ule mdomo wako: "Mapenzi kikohozi, shoga angu. Sasa hapa sijui anayekohoa nani." Nilidhani unamsema fundi. Wallahi nilidhani unamsema fundi.

Kumbe shemeji yake Fundi Shabani yumo kwenye kundi. Alikuwa anamsomea, yeye anashona. Maskini ya Mungu akajiona mle. Akasikia kwamba yule mwanamke wa vifungo, anayemwambia karibu tena fundi bila kuinua macho, moyoni mwake anamsubiri tangu asubuhi. Nani asingeamini? Kimeandikwa. Kitu kikishaandikwa watu wetu wanakiheshimu, hata kikiandikwa na mimi.

Ndipo siku moja akapita mlango wako, akaingia kwangu. Kanyoa, kavaa kanzu. Anataka barua ya posa. Nikamuuliza anamposa nani, na nilikuwa najua. Akakutaja. Nikamwambia haya fundi, nipe maneno. Akasema, "Andika wewe. Wewe unajua anapenda kuambiwa nini."

Hapo ndipo pa kusema. Nafasi ilikuwepo pana, hata mkokoteni ungepita. Ningemwambia fundi, nimebuni, sijui chochote, nenda kamuulize mwenyewe. Badala yake nikasogeza kiti, nikawasha kompyuta, nikamuuliza jina la Baba Mkubwa wako kana kwamba silijui.

Unajua barua za posa hapa zina mfano mmoja. Tumeona ua zuri katika bustani yenu, tunaomba kulichuma, nabadilisha majina, natoa, mteja anakwenda zake. Yake sikutumia ule mfano. Niliandika upya, mstari kwa mstari, yeye kasimama nyuma yangu ananukia pasi ya moto na chaki ya kushonea. Nikaandika mwanamke huyu anayeinama juu ya kazi yake na hajui kwamba anaonekana. Nikaandika mtu anaweza kuvuka barabara kila siku kwa kisingizio kidogo. Maneno yalikuja yenyewe, tayari yamevaa. Sikujiuliza yanatoka wapi. Akasomewa, akafuta uso, akasema, "Hayohayo. Ndiyo niliyokuwa nayo." Pengine kweli alikuwa nayo. Pengine alisema hivyo kwa sababu mtu akisomewa maneno mazuri huyachukua yakawa yake.

Barua ikafungwa kwenye leso, wazee wakaipeleka kwa Baba Mkubwa wako Ilala. Ukaitwa, ukasomewa, ukaulizwa, ukanyamaza. Mwajuma kanihadithia yote. Mama zako wadogo wakaanza vigelegele vya chinichini, kanyamaza huyo, kakubali! Baba Mkubwa akawakata. "Huyu si mwari. Mwari ndiye kimya chake ni jibu. Aliyekwisha olewa akaachika anajibu kwa kinywa chake. Nitasubiri." Mimi nikiambiwa habari hiyo nikaiandika siku hiyohiyo, sehemu ya kumi na nne, Semeni kainamisha kichwa wazee wanamsubiri. Nikakatia hapo. Kundi likawaka moto. Mwendelezo! Mwendelezo! Semeni kasema nini? Hata mimi nilikuwa nangoja ufungue mdomo ili nijue niandike nini. Sikuona aibu, naona sasa.

Baada ya siku mbili ukaja. Umeme ulikuwa umekatika, mashine zimelala, ukakaa kwenye stuli unajipepea na daftari la mteja. Kisha ukasema, "Barua imeandikwa vizuri." Nikasema ndiyo kazi yangu. Ukasema, "Ile barua inajua mengi. Yule fundi maneno yake kwa siku hayafiki kumi." Nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza. Nikasikia unaniita jina, taratibu, si kwa ule ukali wako.

"Rukia. Na wewe unataka nini?"

Nikasema, "Mimi nataka umeme urudi."

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi. Ukakunja ncha ya khanga yako, ukafuta stuli kama ilikuwa na vumbi, ukainuka, ukasema haya bwana. Basi. Ile ilikuwa hodi, Mwanaidi. Ulipiga hodi kistaarabu, mlangoni, kwa jina langu, na mimi nilikuwemo ndani na nikazuia pumzi.

Wiki ile ile homa ikakulaza. Sisi tukasema homa tu, kunywa maji. Siku ya pili yake hospitali. Nilikuja na uji kwenye chupa, umelala, dripu inashuka tone tone, Mwajuma katoka kufuata dawa. Nikabaki mimi na wewe. Na unajua nilifanya nini? Nilikusoma uso. Nilikuinamia nikawa natafuta jibu pale kwenye nyusi zako. Ukakunja kipaji kidogo, nikajisemea, anamfikiria. Labda kichwa kilikuwa kinauma. Labda shuka lilikuwa linawasha. Mwenzangu anakata roho mimi natafuta sehemu ya kumi na tano! Mungu anisamehe, na wewe unisamehe, sijui nani kati yenu nianze naye.

Kesho yake alfajiri Mwajuma akapiga simu. Sikuipokea mara ya kwanza kwa sababu nilijua.

Sasa fundi. Mara ya kwanza alikuja baada ya arobaini, kwa adabu zake. Alinitaka au hakunitaka? Nikamwona amekonda, kanzu inamcheza. Nikasema, "Nadhani alitaka." Nimesema hivyo, Mwanaidi. Nilikutia neno mdomoni na huna tena mdomo wa kulitema. Akatabasamu, machozi yakamshuka, akayafuta kwa ile tepu. Akaondoka anatembea kama kijana. Mimi sikula siku ile. Muhogo niliununua nikaugawa.

Mara ya pili akaja anataka zaidi. Alikwambia lini? Alisemaje? Alikuwa amekaa au amesimama? Na nakwambia ukweli, nilikuwa nayo tayari. Ilinijia yote, khanga uliyovaa, ulivyoinamisha shingo, ulivyosema "yule fundi ni mtu". Ilikuwa nzuri. Ningempa angekwenda nayo mpaka kaburini. Nikauma ulimi, nikamwambia kuna mteja.

Wiki hiyo Mwajuma akaniletea boksi. Walikuwa wamekusanya vitu vyako vya fremuni, wakalikuta kwenye rafu ya juu kabisa. Zipu za suruali, bluu iliyokoza, dazani kamili. Juu yake mwandiko wako ule mkubwa wa kalamu ya wino mzito: Za Fundi Shabani. Achukulie kwa Rukia.

Nililitazama boksi lile kutwa. Nikasoma, huyu alikuwa ananiachia mimi fundi. Nikasoma, huyu alikuwa hataki tena kumwona. Nikasoma, huyu Ijumaa hafungui, na mzigo wake siku zote anauacha kwangu, kama alivyoacha lesi za yule mama wa Mchikichini. Nikasoma, amechoka na zipu moja moja. Nikasoma tena la kwanza, kwa sababu ndilo nililolitaka. Kila nikisoma nilikuta ninayesoma ni mimi, na ninayesomwa ni mimi. Wewe ulikuwa umeandika tu achukulie kwa Rukia. Nikalisukumia chini ya meza. Hukuniambia zaidi ya hapo, basi hukuniambia.

Na kuna moja baya kuliko yote, nalo lazima niliseme. Huenda ulimtaka. Huenda ulimtaka kweli, kwa namna yako, bila vidole, bila mambo mengi, na ulikuwa umeshafungua mdomo kumjibu Baba Mkubwa. Kisha ukasomewa ile barua ukaniona mimi ndani yake. Ndiyo maana ukanyamaza. Ndiyo maana ukaja kuniuliza nataka nini, upate kujua la kujibu. Na mimi nikakujibu umeme. Kama ni hivyo, nilikunyang'anya mume, nikakunyang'anya na jibu. Kama si hivyo, sijui. Hili la sijui linanitoa kwenye kiti, linanirudisha. Leo nimefagia steshenari mara tatu.

Juzi Jumatatu akaja mara ya tatu. Nikamwambia akae, hakukaa. Basi na mimi nikasimama. Nikasema, "Fundi, sijui kama alikutaka. Ile siku ya kwanza nilikudanganya, nisamehe. Semeni si Mwanaidi. Mwanaidi hakuwahi kuniambia neno lolote juu yako, na vidole vyako hakuwahi kuvitazama, alinambia mwenyewe. Aliyekuwa anavitazama ni mimi."

Mashine ilikuwa inatoa kopi za mtu. Tukasimama mpaka ikamaliza.

Akauliza, "Na barua?"

Nikasema, "Barua nayo."

Nikamtolea boksi, nikaliweka mezani. Alisoma mwandiko wako. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo. Akasema, "Sawa." Akalikumbatia kifuani akatoka, akavuka, sikumtazama. Muongo mimi. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye watu.

Kinamama nao nimewaambia. Nimeandika kwamba Semeni amefariki kabla hajajibu, na jibu lake amekwenda nalo, na mimi mwandishi silijui. Loh, nimetukanwa! Mmoja kasema hadithi gani hii, mwandishi asiyejua. Mwingine kajitoa kundini. Mmoja tu, simfahamu, kaandika pole. Nadhani alijua. Unaona? Nimeanza tena.

Nilidhani yamekwisha. Aibu nimeibeba, nikasema itachakaa kama nguo nyingine. Jana, saa saba ya jua kali, kivuli mlangoni. Fundi Shabani. Tepu shingoni. Kanyoosha kitambulisho chake. "Naomba kopi."

"Ngapi?"

"Moja."

Nikatoa. Akaikunja, akaweka mfukoni, akaenda zake. Huko Gerezani steshenari zimejaa, Mwanaidi, kila baada ya mafundi gereji wawili kuna mashine ya kopi. Na zipu anazo dazani nzima, hana haja ya kuvuka barabara.

Leo kaja tena. Kitambulisho kilekile. Kopi moja.

Haya niambie, mtu kama mimi nifanye nini na jambo kama hilo? Mikono inaniwasha. Nimefungua kompyuta nikaandika, moyoni fundi alijisemea. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta, nikaizima kabisa, ndipo nikachukua kalamu na karatasi nikuandikie wewe. Labda anakuja kwa ajili yangu. Labda anakuja kwa sababu huu ukuta wa mbao ndio uliobaki wa kwako, na hana pengine pa kukulilia. Labda ana mambo yake ya serikali yanataka kopi kila siku. Simo kichwani mwake. Sikuwahi kuwa humo.

Ila Baba Mkubwa wako kasema kweli. Mimi si mwari. Nimeolewa, nimeachika, kimya changu si jibu, na cha fundi nacho si jibu. Kwa hiyo nakuahidi. Kesho akija na kitambulisho chake sitatoa kopi mpaka nimemuuliza kwa kinywa changu, mbele ya mashine, mbele ya mteja yeyote atakayekuwepo: fundi, unataka nini? Na akinirudishia swali nitamjibu, na sitasema umeme. Akisema anataka kopi tu, nitampa kopi, nitasema karibu tena fundi, kama wewe.

Na nakuahidi hili pia, sitakuandika tena. Hata kama ni jina jingine na buibui la rangi nyingine. Moyoni mwako nimetoka, mlango nimeurudishia.

Kama ulimtaka, shoga yangu, nisamehe. Sina namna ya kujua, na kesho ninakwenda bila kujua.

Kila aliyekuja msibani kwako alikuombea kauli thabiti huko ulikolala, uulizwe ujibu bila kubabaika. Niliitikia amina na wenzangu. Sasa saa saba inakaribia kila siku, na mimi niliye juu ya ardhi ndiye ninayebabaika. Niombee na mimi, Mwanaidi. Lala salama.

Ni mimi wa upande wa pili wa ukuta,
Rukia